Namna ya Kuandika na Kushuti Muvi ya Mapenzi Ambayo Mtazamaji Ataiamini

Siku moja kaa kwenye kibanda umiza wakati inaonyeshwa muvi ya mapenzi, na badala ya kutazama kioo, tazama watu. Steringi amepiga magoti mvuani, kinanda kinalia, machozi yanamtiririka, na kule nyuma mtu anauliza kwa sauti, "Huyu analia nini kwani?" Kibanda kizima kinacheka. Dakika kumi baadaye, katika muvi ile ile, mke anarudi nyumbani usiku na kumkuta mumewe amepitiwa na usingizi kwenye kochi, viatu miguuni. Anamvua kimoja kimoja bila kumwamsha. Kisha anavipanga mlangoni, ncha zimeelekea nje, maana mwenzake huamka alfajiri na kutoka mbio. Kinanda hakuna. Kibanda kimya.

Ile sini ya mvua niliiandika mimi. Ya viatu aliiongeza mwigizaji mwenyewe siku ya kushuti, wala hakuniuliza.

Imenichukua muda kuelewa kwa nini yeye alipatia pale nilipokosea. Mtazamaji haamini mapenzi kwa sababu mtu ametamka kwamba anapenda, wala kwa sababu ameteseka sana. Anaamini akiona mmoja anamjua mwenzake: saa anayoamka, anachoogopa, uongo anaopenda kusema. Hatua zote zilizomo humu zinatoka hapo. Nimeziandika kwa ajili ya mwandishi wa skripti na mwongozaji anayeanza, hasa wenye kamera moja na bajeti ya kuungaunga.

Ili tusiongee hewani, tutatembea na wapenzi wawili wa kubuni. Mwanaidi ni fundi cherehani, ana fremu ndogo ya duka Tandika, Dar es Salaam. Beni ametoka Kigoma na anaendesha bajaji.

Hatua ya kwanza: daftari la kujuana

Kabla ya sini hata moja, fungua daftari na ugawe ukurasa pande mbili. Upande mmoja andika mambo ishirini ambayo Mwanaidi anayajua kuhusu Beni, upande wa pili ishirini ambayo Beni anayajua kuhusu Mwanaidi. Masharti ni mawili. Kila jambo liwe lile ambalo mgeni wa siku moja hawezi kuligundua, na liwe linaonekana au kusikika. "Ana roho nzuri" halikubaliki, kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha roho nzuri. "Akidanganya kuhusu hela hujikuna shingo" linakubalika.

Kumi za kwanza zitakuja haraka, na nyingi zitakuwa za kila mtu: anapenda muziki, anampenda mama yake, hapendi uongo. Zifute. Kazi inaanzia ya kumi na moja, pale unapolazimika kumfikiria mtu mmoja tu. Beni akisema "nipo njiani" bado hajatoka nyumbani. Akirudisha bajaji nyuma huimba nyimbo za kwaya. Chai ya rangi huiacha mpaka ipoe kabisa. Mwanaidi hutafuta chaki ya kukatia nguo meza nzima, kumbe ameichomeka kwenye kilemba. Hajibu neno mpaka uzi upite kwenye tundu la sindano, hata kama anayemsemesha ni mwenye nyumba. Radi ikipiga hufunika kioo.

Halafu kila upande ongeza mambo matatu ambayo mtu anadhani anayajua kumbe amekosea. Hapa ndipo penye utamu, na waandishi wengi huparuka. Siku ya kwanza Beni alimwona Mwanaidi akinywa soda ya chungwa. Tangu hapo kila akipita anamletea soda ya chungwa. Ukweli ni kwamba siku ile dukani ndiyo pekee iliyokuwa baridi. Mwanaidi haipendi, ila miaka miwili sasa anapokea na kunywa yote. Hebu jiulize ni nani anayependa zaidi kati ya anayeleta na anayekunywa. Mtazamaji atajiuliza hivyo hivyo, na ukishamfikisha hapo tayari ameingia nyumbani kwao.

Orodha ikikamilika, ipange kwa mwendo wa hadithi. Mwanzoni mtu huuliza, katikati hukisia, mwishoni hutenda bila kuuliza. Sini ya tatu Beni anauliza, "Chaki yako iko wapi?" Sini ya ishirini anapita, anaichomoa kilembani, anaiweka mezani na kuendelea na safari yake. Hujaandika hata mstari mmoja wa "nakupenda", na bado mtu wa kiti cha nyuma ameelewa kwamba kuna jambo kati ya hawa wawili.

Hatua ya pili: hela na saa

Muvi zetu nyingi zina wapenzi wasio na kazi. Utaambiwa ni meneja, lakini humwoni ofisini. Utaambiwa ni maskini, lakini nywele zake ni za saluni kila siku. Mapenzi ya watu halisi yanabanwa katikati ya kazi na foleni, na yakitolewa humo hugeuka ndoto ya mchana.

Mwandikie kila mhusika bajeti ya wiki na ratiba ya siku. Bajaji si mali ya Beni, kila jioni anampelekea bosi hesabu. Mwanaidi analipa pango la fremu, na majira yake ya hela ni kabla ya Idi, kabla ya Krismasi na wakati wa sare za harusi. Sasa Beni akimpeleka Mwanaidi Kigamboni Jumatatu mchana, wakasimama kwenye kivuko upepo ukiwapiga, hiyo si tena picha ya mapenzi ya kalenda. Mtazamaji anajua hesabu ya siku hiyo haijapatikana. Sini inayofuata, Beni yuko kijiweni saa sita usiku akisinzia juu ya usukani, anatafuta abiria wa mwisho. Zawadi ambayo hatuoni ilichomgharimu mtoaji haina uzito kwenye kioo, hata ikiwa gari jekundu lenye utepe.

Simu nayo iingie kazini. Sisi tuna lugha nzima ya kubipu: mara moja nimefika, mara mbili nipigie, mara tatu nimekasirika. Wapenzi wako waundie ya kwao. Fikiria pia jina linavyosomeka kwenye simu. Beni alimhifadhi kama "Fundi Tandika". Baadaye likawa "Mwana". Walipokosana, likarudi "Fundi Tandika". Hiyo ni sini ya sekunde nne, haina mwigizaji wa ziada wala taa, na katika muvi nzima huenda ndiyo itakayouma kuliko zote.

Hatua ya tatu: mpingaji apewe haki yake

Shangazi mwenye roho mbaya, mganga, tajiri aliyenunua polisi: hawa wamechoka, wapumzishwe. Kizuizi kinachoaminika ni kile ambacho ukikisikiliza vizuri unaona kina hoja.

Mwanaidi ni Mwislamu, Beni ni Mkristo. Usiishie kusema "wazazi hawataki". Mpe mama yake Mwanaidi ukurasa mmoja na nusu wa kusema bila kukatizwa. Binti yake mkubwa aliolewa nje ya dini. Alipojifungua, ndugu wa mume wakataka mtoto abatizwe, wa huku wakataka apewe jina na babu yake, na mtoto akakaa miezi akiitwa "mtoto" tu. Mama hamchukii Beni. Anaogopa kuzika jambo lile lile mara mbili. Ukimaliza kuandika na wewe mwenyewe ukasikia kwamba mama ana haki, kizuizi kimesimama. Ukishindwa kumpa hata hoja moja nzuri, umechonga sanamu, na sanamu halizuii mtu kupita.

Maisha halisi nayo yana vitu ambavyo huwezi kuvibuni vizuri zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa, na mwenye sababu za kisheria anaweza kuweka pingamizi. Kwa mwandishi, hiyo ni saa ya ukutani uliyopewa bure na serikali. Mwanaidi na Beni wakipeleka taarifa kimyakimya, karatasi inabandikwa ambapo yeyote anaweza kuisoma. Siku ya tano anapita mteja wa Mwanaidi, mama mwenye sare ya harusi mkononi, anasimama, anasoma, anatoa miwani, anasoma tena. Siku 16 zimebaki. Huna haja ya mganga.

Tazama pia kilichofanyika katika Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin amekimbia ndoa aliyolazimishwa, Denge yuko kwenye harakati dhidi ya mkoloni. Kinachowazuia ni nyumba, mtaa na dola kwa pamoja, kwa hiyo mkutano wao wa dakika chache unakuwa jambo la hatari kwa wote wawili, na hakuna anayehitaji kutuambia kwamba ni wa thamani.

Hatua ya nne: wakutane kawaida

Hapa nitapita haraka. Wasigongane, vitabu visidondoke, mkoba usiibwe. Wakutane kwa shida ndogo ya kazi: Beni ameleta suruali iliyochanika. Mvuto usizaliwe siku hiyo. Uzaliwe mara ya tatu au ya nne, wakati sababu ya kuja imekwisha na mtu bado anakuja.

Hatua ya tano: maneno

Hii ndiyo hatua niliyoipoteza kwa miaka, nami nitakaa nayo. Tazama sini hii, ya aina niliyoiandika mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka:

BENI: Mwanaidi, nakupenda kutoka ndani ya moyo wangu. Bila wewe siwezi kuishi.
MWANAIDI: Hata mimi nakupenda, Beni. Lakini nitajuaje kama unanipenda kweli?

Hakuna kosa la sarufi. Kosa ni kwamba maneno haya yanaweza kusemwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Badili majina na hakuna atakayegundua. Sasa soma hii. Beni ameleta suruali kwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja.

MWANAIDI: Hii umeichana kwa kisu.
BENI: Msumari.
MWANAIDI: Msumari haukati mstari ulionyooka.
(Beni anajikuna shingo. Mwanaidi anapitisha uzi, hasemi kitu mpaka umepita.)
BENI: Basi tia na kiraka kingine kwa juu. Nitasubiri.
MWANAIDI: Sina kiti.
BENI: Nitasimama.

Hapa mapenzi yametajwa mara ngapi? Hata mara moja. Lakini Mwanaidi anajua kwamba anadanganywa, Beni anajua kwamba amejulikana, na wote wawili wanajua kwamba hakuna anayetaka suruali ipone haraka. Shingo na uzi vimetoka kwenye daftari. Ndiyo sababu nilikuambia uliandike kwanza.

Zoezi: chukua skripti yako, zungushia duara kila neno "penda", "mapenzi", "moyo" na "mpenzi". Ruhusu manne yabaki katika skripti nzima. Yaliyofutwa yote tafutia kitendo, au jambo lingine ambalo watu hao wangelizungumzia huku wakikwepa hilo. Utaumia siku mbili tatu, kisha utaona kwamba maneno manne yaliyobaki yamepata uzito ambao hayakuwa nao.

Jambo hili halina ugeni wowote kwetu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Mswahili amekuwa akikohoa kwa mafumbo tangu zamani. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na jina ndilo linalosema yale ambayo mdomo umekatazwa. Mtumie Beni hapo. Yeye ni wa Kigoma, kanga anaziona nguo tu. Anataka kumpa Mwanaidi zawadi, anachagua ile yenye rangi nzuri kuliko zote, na jina hasomi. Mwanaidi anaikunjua mbele ya mama yake: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Kibanda kitapasuka kwa kicheko. Kiache kicheke. Sini tatu baadaye, wakati familia imeweka msimamo na Beni amekatazwa kukanyaga pale, Mwanaidi anatoka kufagia uwanja amejifunga kanga ile ile. Majirani wanaisoma wanavyoisoma wao. Beni, ng'ambo ya barabara ndani ya bajaji, anaisoma tofauti.

Angalia pia wanavyoitana, kwa sababu huko ndiko ukaribu unakopimika. Mwanzoni ni "fundi". Kisha "dada Mwanaidi". Kisha "Mwana", na siku ya ugomvi ni "wewe" mtupu. Kwa mama mkwe mtarajiwa, "Shikamoo mama" ya Beni inaweza kujibiwa "Marahaba" kavu, macho yakiwa kwenye ungo wa mchele. Muvi nzima inaweza kusubiri siku mama atakapoongeza neno moja: "Marahaba, mwanangu." Mwandishi anayefahamu heshima za mahali anapoandika hana haja ya hotuba ya maridhiano.

Hatua ya sita: ugomvi

Wapenzi wa kwenye muvi hugombana kwa sababu ya picha iliyoonekana kwenye simu, au binamu aliyedhaniwa kuwa mchepuko. Mambo yakifafanuliwa, ugomvi unakwisha. Watu waliozoeana hawagombani hivyo. Wanaanzia kwenye kitu kisichokuwa na maana na wanafungua kila droo ya nyumba.

Mfano mzuri ninaoujua ni wa mwongozaji Richard Linklater. Aliwatoa wapenzi wale wale, walioigizwa na Ethan Hawke na Julie Delpy, katika filamu tatu: Before Sunrise ya 1995, Before Sunset ya 2004 na Before Midnight ya 2013. Waigizaji walizeeka kweli, nyuso zikabadilika kweli, na katika ile ya pili na ya tatu wenyewe walishiriki kuandika skripti. Filamu ya tatu ina ugomvi mrefu ndani ya chumba cha hoteli Ugiriki, usiku ambao ulipangwa uwe wa raha. Unaanza, unapoa, mtu anatoka, anarudi, unawaka upya mahali pengine kabisa. Aliyewahi kuishi na mtu anautambua mzunguko huo.

Kwa hiyo soda yetu ya chungwa imefika siku yake. Hesabu ya bosi imepungua, mama amesema neno, Mwanaidi amekesha akimalizia sare. Beni anaingia na soda. "Sitaki." "Kunywa kidogo, umechoka." "Beni, mimi soda ya chungwa siipendi! Sijawahi kuipenda!" Anayeonekana ameshtuka zaidi awe Mwanaidi mwenyewe. Beni anaitazama chupa. Miaka miwili ya soda inapita usoni mwake. Anauliza swali moja tu: "Zote?" Na hapo kila mtu aliyekaa kwenye benchi anakumbuka soda yake mwenyewe.

Unapoandika, mpe kila mmoja sentensi moja iliyo kweli na isiyosameheka kirahisi. Kofi usiliandike. Kuna tabia mbaya ya kuonyesha kofi la mwanamume kama ushahidi wa wivu, na wivu kama ushahidi wa penzi. Mwanamume anayempiga mpenzi wake muviani ni hadithi nyingine, nayo iandikwe kwa jina lake.

Hatua ya saba: mwili

Watu wengi wakisikia "muvi ya mapenzi ya kweli" hufikiria kitanda. Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uwe na kibali kabla ya kushuti, na kazi ikikamilika Bodi ya Filamu huikagua na kuipangia daraja, kwa hiyo soma masharti mapema. Lakini nionavyo mimi, ukaguzi si hasara kubwa. Mwongozaji Wong Kar-wai alitengeneza In the Mood for Love mwaka 2000 kuhusu mwanamume na mwanamke, majirani Hong Kong ya miaka ya 1960, wanaogundua kwamba wenzi wao wana uhusiano. Nyuso za hao wenzi hatuonyeshwi hata mara moja. Wawili hao wanapishana kwenye ngazi nyembamba wakienda kununua chakula, bega karibu liguse bega. Watu wamekuwa wakizungumzia mabega hayo tangu hapo.

Tafuta mguso mmoja na uuchelewe. Fundi ana haki ya kumgusa mteja: hupima bega, kifua, kiuno, mkono. Mwanaidi akimpima Beni shati kwa futikamba, tayari una sini ya mwili isiyohitaji kibali cha ziada. Mara ya kwanza anasoma namba kwa sauti na kuandika. Mara ya mwisho anapima na haandiki, kwa sababu namba anazo kichwani.

Pale penye busu au kukumbatiana, kaa na waigizaji kabla ya siku yenyewe. Mkubaliane mkono unakaa wapi, unaishia wapi, nani atakuwepo chumbani, na mtu akisema basi ni basi. Kwenye kazi kubwa za nje siku hizi kuna mtu aliyeajiriwa kwa hilo tu. Sisi wa kamera moja tunaweza angalau kuwa na karatasi moja na mazungumzo ya nusu saa. Mwigizaji mwenye hofu huonekana ana hofu, na mtazamaji anaisoma kama chuki.

Hatua ya nane: kuchagua waigizaji na kushuti

Usichague wapenzi kwa sura zao mmoja mmoja. Waite wawili wawili, uwape shuka kubwa wakunje pamoja bila kupewa maneno ya kusema. Kukunja shuka kunawasogeza, kunawaachanisha, kunawasogeza tena. Utaona nani anamsubiri mwenzake, nani anavuta kwa nguvu, nani anacheka pembe zikipishana. Nimewahi kumwacha mrembo mwenye wafuasi wengi mtandaoni kwa sababu ya shuka, na sijajuta.

Kisha wape wiki ya kazi. Beni akae kijiweni na madereva wa bajaji halisi. Mwanaidi ajifunze kupitisha uzi na kukanyaga cherehani bila kutazama miguu. Sini za maneno makali zisirudiwe mno kwenye mazoezi. Mazoezi yaishie kwenye vitendo.

Kwenye kamera nina mambo machache tu. Waweke wawili ndani ya fremu moja ya picha kadiri uwezavyo. Ukikatakata uso kwa uso, uso kwa uso, unawatenganisha watu ambao hadithi inajaribu kuwakutanisha, na unaipoteza ile nafasi ya hewa kati yao, ambayo ndiyo unayoishuti. Neno la mwisho likishatoka, usiseme kata. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Mambo mazuri mengi hutokea kati ya tatu na tano. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini sini za kimya huvuka kipimo hicho, kwa hiyo zipangie muda wake siku ya kushuti. Zisiachwe mpaka jua linazama.

Sauti ndiyo inayoua kazi zetu. Kila lokesheni rekodi angalau sekunde thelathini za ukimya wa mahali hapo, watu wote wakiwa wamesimama tuli. Mhariri atakubariki. Na kabla ya kuweka kinanda, sikiliza mahali penyewe. Fremu ya Mwanaidi tayari ina muziki: cherehani. Inakwenda siku nzima, wateja wakija, mama akipita, mwenye nyumba akidai. Bajaji ya Beni ikisimama nje, cherehani inanyamaza. Rudia hilo mara tatu na mtazamaji ataanza kuusubiri ukimya huo mwenyewe. Siku Beni asipokuja, iache cherehani iende mpaka mwisho wa sini.

Hatua ya tisa: mwisho

Kuna miisho miwili iliyozoeleka: harusi, au mmoja anakufa kwa ugonjwa ambao haukutajwa mpaka sini ya mwisho. Yote miwili inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi inatumika kumwondolea mwandishi kazi.

Brief Encounter, filamu ya David Lean ya mwaka 1945, inahusu mwanamke na mwanamume, kila mmoja na ndoa yake, wanaokutana kwenye mgahawa wa stesheni ya treni huko Uingereza. Dakika zao za mwisho za kuagana zinavamiwa na mwanamke mmoja mpiga soga, anayemjua mmoja wao, anaketi na kuanza kuongea. Hawapati kuagana. Treni inafika, mwanamume anasimama, anaweka mkono begani kwa mwanamke, anabonyeza kidogo, anaondoka. Basi. Soga linaendelea.

Nimejaribu kuiga mantiki hiyo: mwisho uchukue kitu ambacho watazamaji walikuwa wanakidai, kisha uwape kidogo sana badala yake. Kwa Mwanaidi na Beni, siku ya 21 imefika. Sitakuambia kama wanaoana, kwa kuwa hata mimi nimeiandika kwa namna mbili. Katika zote mbili, mama anapokea chai kutoka kwa Beni. Anaonja na kugundua imepoa. Anamtazama. "Wewe chai unainywa hivi?" "Ndiyo, mama." Anainywa yote.

Hatua ya kumi: wasomee watu kabla hujakodi kamera

Usiwasomee waigizaji wenzako, wao watakusifia. Wasomee majirani, jioni, wakiwa wanafanya kazi nyingine. Wakiacha kumenya vitunguu, weka alama pembeni ya mstari. Wakianza kuongea yao, weka alama pia. Ukimaliza usiulize "mmeipenda?" Uliza swali moja: kesho Beni akimletea Mwanaidi kitu, atamletea nini? Wakijibu "zawadi" au "maua", watu wako bado ni wa karatasi, rudi kwenye daftari. Wakianza kubishana, una muvi.

Niliposoma ile sini ya suruali uani kwetu, walibishana kweli. Kijana mmoja alisema soda nyingine, ila baridi zaidi. Mwenzake akasema uzi. Bibi mmoja mpika vitumbua, aliyekuwa kimya muda wote na mgongo ametupa, akasema bila kugeuka, "Kiti. Si amesema hana kiti?"

Sikuwa nimekiandika. Sasa kipo, sini ya 31: cha mbao, mguu mmoja mfupi, kimefungwa kwa mpira nyuma ya bajaji.